Uhuru na mfuko wa inchi: Kongo ilipata nini mwaka wa 1960, na nani alilipa?

Kila mwaka, tarehe 30 mwezi wa sita ikikaribia, ulizo moja linarudi kwenye vipindi vya redio, kwenye matanga na mbele ya maduka: dipanda ilituletea nini? Wazee wenye walitumika wakati wa Wabelgiji wanakumbuka posho iliyofika kwa siku yake, kituo cha afya chenye dawa na barabara iliyopitika hata wakati wa mvua. Vijana wanajibu kwamba ile barabara ilitengenezwa na watu waliolazimishwa, na kwamba kiti cha injinia hakikuwa cha mtoto wa Kongo. Wote wawili wanasema kweli. Shida ni kwamba wanapima vitu mbalimbali: mmoja anapima sahani, mwingine anapima nani anashika mwiko.

Kwa kuelewa mambo ya leo, kama vile kobalti, deni la inchi na dola inayopanda ku soko, inafaa kurudi kwenye miezi michache ya mwaka wa 1960. Mambo mengi ya feza yaliamuliwa pale, na mengi yaliamuliwa mbele ya Wakongomani kushika funguo.

Meza ya pili ya Bruxelles

Watu wengi wanajua Table ronde ya mwezi wa kwanza 1960, kwa sababu ndiyo iliyotoa tarehe ya uhuru. Ya pili, ile ya uchumi, haijulikani sana. Ilifunguliwa Bruxelles tarehe 26 mwezi wa nne na ikafungwa tarehe 16 mwezi wa tano. Angalia vizuri zile tarehe: uchaguzi wa kwanza wa inchi ulikuwa mwezi wa tano. Wakubwa wa vyama walikuwa Kongo wakitafuta kura, kijiji kwa kijiji. Bruxelles walituma wajumbe wa cheo cha chini, pamoja na wanafunzi Wakongomani waliokuwa wanasoma Ubelgiji. Kati ya wajumbe wa MNC ya Lumumba alikuwako mwandishi wa habari kijana, Joseph-Désiré Mobutu. Upande wa pili wa meza waliketi watu wa wizara, wa benki na wa makampuni, watu waliokuwa wanashika hesabu za Kongo kila siku.

Kulikuwa na deni la kuzungumza. Kuanzia 1949 serikali ya koloni ilikuwa imejenga kufatana na mpango wa miaka kumi: bandari, viwanja vya ndege, hospitali, nyumba za cité. Sehemu kubwa ya zile feza ilikopwa, na uhuru ulipofika deni lilikuwa limepita faranga miliari 40. Hakuna Mkongomani aliyepiga kura juu ya deni lile, lakini jina lililoandikwa juu yake lilikuwa Kongo.

Kulikuwa pia na mali. Serikali ya koloni ilikuwa na hisa katika makampuni mengi: ya madini, ya reli, ya umeme, ya mashamba. Zile hisa zote kwa pamoja ziliitwa portefeuille, yaani mfuko. Kwenye karatasi mambo yalionekana sawa: deni huku, mali kule, na vyote viwili vinapita kwa serikali mpya. Lakini namna ya kuvipitisha haikumalizwa kwenye ile meza. Iliachwa kwa mazungumzo na serikali ya Kongo itakayokuja. Serikali ya Lumumba ilipata kura ya bunge siku chache tu mbele ya tarehe 30. Hata mchawi hangemaliza hesabu za inchi nzima kwa juma moja.

Namna kura za Union Minière zilivyogawanywa

Kuna jambo moja la ule mwezi wa sita ambalo watu wa Katanga wanapaswa kulijua vizuri zaidi, ijapokuwa lilifanyika ofisini bila kelele.

Comité Spécial du Katanga, kwa kifupi CSK, ilianzishwa mwaka wa 1900. Ilikuwa ushirika wa serikali ya Kongo na kampuni ya Wabelgiji iliyoitwa Compagnie du Katanga: serikali ilikuwa na mafungu mawili, kampuni fungu moja. CSK ndiyo ilikuwa inatoa ardhi na ruhusa ya kuchimba Katanga. Zaidi ya hayo, ndiyo ilikuwa na kura nyingi kupita mwenye hisa mwingine yeyote katika Union Minière, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka wa 1906 na ambayo mwaka wa 1960 ilitoa karibu tani 300,000 za shaba. Mwenye kushika CSK angeweza kusema neno zito ndani ya nguzo ya feza ya inchi.

Kama Kongo huru ingeikuta CSK imesimama, ingerithi ile nguvu. Lakini siku chache mbele ya uhuru, Ubelgiji ilikubali kuivunja. Hisa zikagawanywa: mafungu mawili kwa serikali, moja kwa Compagnie du Katanga. Kwa hesabu ya kawaida hakuna aliyeibiwa, kila mmoja alichukua sehemu yake. Kumbe kura zilizokuwa mkono mmoja sasa zilikuwa mikono miwili, na Kongo ikaingia Union Minière kama mwenye hisa kati ya wengine. Mtu aliyewahi kugawa shamba la familia anaelewa: ukikata shamba lenye kisima, anayepata upande usio na kisima ana ardhi, lakini maji ataenda kuomba kwa ndugu yake.

Mwezi ule ule sheria ya Ubelgiji iliruhusu makampuni ya koloni kuchagua kuwa makampuni ya Kibelgiji. Makampuni makubwa yaliitumia. Mashimo, reli na viwanda vilibaki Kongo. Makao na karatasi vilikwenda Bruxelles. Na feza za watu binafsi zilikuwa zimeanza kukimbia zamani, tangu machafuko ya Léopoldville ya tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959. Wenye duka, wenye mashamba, wenye kampuni, kila mmoja alituma akiba yake ng'ambo. Uhuru ulikuta sanduku la benki limepungua sana.

Mwezi wa saba: mafundi wanaondoka, Katanga inajitenga

Hatari ya pili ilikuwa watu. Wakongomani waliokuwa wamemaliza université hawakufika hata 30 kwa inchi nzima. Kulikuwa na makarani wengi, wauguzi, walimu wa shule za msingi, madereva, mafundi wazuri wa mikono. Lakini wale waliozoea kutengeneza bajeti, kuamua kodi au kuongoza mkoa walikuwa Wabelgiji karibu wote. Mpango wa Bruxelles ulikuwa kwamba wale Wabelgiji wangebaki kutumika chini ya mawaziri Wakongomani.

Mpango ule haukuishi juma moja. Tarehe 5 mwezi wa saba askari wa Force Publique waliasi, nyuma ya mkubwa wao, Jenerali Janssens, kuwaandikia ubaoni kwamba kwa jeshi, nyuma ya uhuru ni sawa na mbele ya uhuru. Kwa woga wa maasi, watumishi Wabelgiji karibu 10,000 waliondoka inchini kwa majuma machache. Waliacha ofisi na kabati za mafaili zenye hata wenye kuzisoma hawakuwako. Makarani walipanda cheo kwa siku moja. Wengi walijifunza kazi kwa kuifanya, na inafaa kusema waziwazi kwamba serikali haikuanguka yote: posta ilifunguliwa, treni zilitembea, mitihani ya shule ilifanyika mahali pengi. Ile sehemu ya historia haisimuliwi mara nyingi.

Tarehe 11 mwezi wa saba Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa inchi. Union Minière ikaanza kulipa kodi na haki za madini kwa serikali ya Tshombe, si kwa Léopoldville tena. Katanga ikachapa faranga zake zenyewe. Mwezi wa nane Kasaï ya Kusini, chini ya Albert Kalonji, nayo ikajitenga na almasi za Bakwanga, mji unaoitwa leo Mbuji-Mayi. Ndipo almasi zikaanza kuuzwa kupitia Brazzaville, ng'ambo ya mto, inchi ambayo shimo lake la almasi halijulikani lakini iliuza almasi nyingi ajabu.

Kwa hiyo serikali ya Léopoldville ilibaki na deni, na jeshi la kulipa, na wanafunzi wa kulipia, lakini bila kodi ya shaba. Katanga ilirudi mwezi wa kwanza 1963, nyuma ya vita na Umoja wa Mataifa. Lumumba alikuwa ameuawa kule kule Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961.

Mlimaji ndiye alilipa

Uhuru haukumgusa kila mtu namna moja, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Askari na watumishi wa serikali walipandishiwa mishahara, na zaidi ya mara moja. Ilikuwa lazima, wanasiasa waliona, kwa kutuliza jeshi na miji. Lakini feza hazikuwako. Serikali ikakopa kwa benki yake ya kutoa noti, na benki ikachapa. Noti zikawa nyingi, bidhaa zikawa chache, kwa sababu meli na malori vilipungua. Bei ya kitambaa, chumvi na mafuta ya taa ikapanda.

Mtumishi wa serikali alipata nyongeza, hata kama haikutosha. Mfanyabiashara alipandisha bei. Mlimaji wa pamba wa Maniema au wa Uélé alikuwa na nini? Bei ya pamba yake haikukimbia haraka kama bei ya kitenge. Lori la kununua mazao halikuja tena, kwa sababu daraja lilivunjika na hakuna aliyelitengeneza, au kwa sababu mwenye lori alikuwa Mgiriki aliyeondoka. Akalima kidogo, kwa chakula cha nyumbani. Na inchi iliyokuwa inauza chakula ikaanza kununua chakula nje.

Mwaka wa 1960 dola moja ilikuwa faranga 50. Mwezi wa sita 1967, serikali ilipoleta zaïre mpya kwa faranga 1,000, zaïre moja ilikuwa dola mbili: yaani dola moja ilikuwa imefika faranga 500. Mtu aliyeficha noti chini ya kitanda mwaka wa uhuru alikuta miaka saba nyuma, kwa hesabu ya dola, imebaki sehemu moja kwa kumi.

Maasi ya 1964, ya Mulele kule Kwilu na ya Simba huku mashariki, yana mizizi mingi, lakini mmoja ni huu. Watu wa vijijini walikuwa wanazungumza juu ya «uhuru wa pili», kwa sababu wa kwanza waliona umebaki kwa wakubwa wa mjini.

Lakini kulikuwa na faida

Ingekuwa uongo kuandika kwamba mlimaji alipoteza tu. Chini ya koloni kilimo cha lazima kilikuwa sheria: siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita vya pili vya dunia ziliongezwa hadi 120. Asiyelima pamba alifungwa. Ile minyororo ilianguka. Mtu aliweza kwenda kuishi mjini bila kuomba ruhusa kwa mzungu. Léopoldville, Élisabethville na Bukavu zikavimba kwa watu, jambo lenye shida zake, ila watu walikuja kwa miguu yao wenyewe.

Shule ndiyo faida iliyo wazi zaidi. Koloni ilikuwa imefungua milango ya shule ya msingi kwa upana na kuifunga karibu yote mbele ya sekondari. Nyuma ya 1960 sekondari ziliongezeka kila mkoa, na katika miaka kumi kulikuwa na madaktari, mawakili na mainjinia Wakongomani. Mtoto wa mtu wa posho aliweza kuwa mkubwa wa kiwanda ambamo baba yake alisukuma magurudumu.

Na kulikuwa na haki ya kuzungumza juu ya mali. Mwezi wa pili 1965 Tshombe, sasa waziri mkuu wa Kongo yote, alifanya mapatano Bruxelles juu ya ile portefeuille na juu ya deni. Alirudi Léopoldville akionyesha watu mfuko wa ngozi wenye karatasi za hisa. Sehemu ya deni ilibebwa na Ubelgiji, nyingine ikawekwa katika mfuko wa pamoja wa kulipa kidogo kidogo. Mwaka uliofuata, tarehe 7 mwezi wa sita 1966, sheria ya Bakajika ilirudisha ardhi na madini mkononi mwa serikali.

Kisha likaja pambano lenyewe. Mobutu aliitaka Union Minière ihamishe makao yake Kinshasa kabla ya tarehe 1 mwezi wa kwanza 1967. Kampuni ikakataa. Serikali ikachukua mali zake zilizokuwa Kongo na kuunda kampuni mpya, Gécomin, iliyoitwa baadaye Gécamines. Mjini Lubumbashi watu walishangilia. Lakini Union Minière ilitisha kumshtaki kila mtu atakayenunua ile shaba, na kwa majuma kadhaa shaba ilikwama. Kongo ilikuwa na mashimo na viwanda. Haikuwa na wauzaji, wala kiwanda cha kusafisha shaba yote hadi mwisho, wala mafundi wa kutosha. Ikabidi kupatana na Société Générale des Minerais, kampuni ya jamaa moja na Union Minière. Kufatana na mkataba wa 1969 ile kampuni ingechukua sita kwa mia ya thamani ya mazao kwa miaka 15, kisha moja kwa mia kwa miaka kumi, kwa fidia na kwa kazi ya kuuza na kusaidia. Watu wengine waliona ni ushindi, wengine waliona ni posho ya kumlipa mwenye kufukuzwa. Kweli yote mawili yana msingi: bei ya shaba ilikuwa nzuri, kodi iliingia, na ile miaka kati ya 1967 na 1973 ndiyo wazee wengi wanaikumbuka kwa jina la zaïre yenye nguvu.

Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973

Ile nguvu ilileta kiburi. Kwa hotuba ya tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba, malori na viwanda vidogo vya wageni vitapewa Wazaïrwa. Ilikuwa zairianisation. Wazo lenyewe watu wengi walilikubali. Namna gani inchi miaka 13 nyuma ya uhuru inunue chumvi paka kwa Mgreki, kwa Mreno au kwa Mhindi, mpaka vijijini?

Lakini waliopewa, wale waliitwa ma-acquéreur, hawakuwa wafanyabiashara wa soko waliokuwa wanajua kazi. Wengi walikuwa wakubwa wa chama cha MPR, makomisari na jamaa zao. Raisi mwenyewe alijipatia mashamba makubwa. Watu wa Kivu wanajua ilivyokuwa kwa mashamba ya kahawa, ya majani ya chai na ya kinkina: mwenye mpya aliishi Kinshasa, alifika kwa ndege, akauza kilichokuwa ghalani, akaondoka.

Duka si kuta na vitu vilivyomo tu. Yule Mgiriki wa kijijini alikuwa anapata bidhaa kwa mkopo kutoka kwa wauzaji wa mjini, alikuwa na lori, na kwa lile lori alikuwa ananunua mihogo, mahindi na pamba. Acquéreur aliuza sabuni iliyobaki rafuni, lakini mkopo haukumfuata, kwa sababu mkopo ulikuwa juu ya jina la mtu na si juu ya mlango. Rafu zikabaki tupu. Mlimaji akakosa tena mnunuzi, kama 1960. Mwisho wa 1974 serikali ikaendelea mbele zaidi na kuchukua makampuni makubwa. Mwisho wa 1975 ikaanza kurudi nyuma. Mwaka wa 1976 ikawaita wenye zamani warudi na kuchukua hadi 60 kwa mia. Wengi hawakurudi.

Bahati mbaya haiji peke yake. Bei ya shaba ilipanda sana mwanzo wa 1974, kisha ikaanguka zaidi ya nusu katika mwaka mmoja. Mwezi wa nane 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia fupi ya shaba kwenda baharini. Na Zaïre ilikuwa imekopa sana wakati wa bei nzuri, kwa kazi kama ule waya wa umeme wa kilometa karibu 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, uliomalizika mwaka wa 1982 na kupita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja. Mwaka wa 1975 inchi ilishindwa kulipa. Mwaka wa 1978 mfuko wa feza wa kimataifa ulimtuma Mjerumani Erwin Blumenthal kuketi ndani ya benki kuu na kusimamia hesabu. Miaka 18 nyuma ya uhuru, sahihi ya mgeni ilikuwa inahitajika tena.

Yaliyofuata watu wengi waliyaona kwa macho: shimo la Kamoto lililoporomoka mwaka wa 1990, Gécamines iliyoshuka kutoka zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka hadi makumi machache ya maelfu, na noti za mamilioni. Mwaka wa 1993, zaïre mpya ilipokuja kwa zaïre milioni tatu za zamani, Kasaï waliikataa.

Jirani walifanya nini?

Zambia ilichimba mkanda ule ule wa shaba, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Haki za madini zilikuwa mkononi mwa kampuni ya Waingereza, British South Africa Company. Uhuru ulikuwa tarehe 24 mwezi wa kumi 1964, na mazungumzo yaliendelea hadi saa za mwisho: kampuni iliacha haki zake kwa pauni milioni nne, nusu ikilipwa na Uingereza. Zambia iliamka siku ya uhuru ikiwa na haki ya madini yake mkononi. Ni tofauti kubwa na CSK. Hata hivyo, mwaka wa 1975 bei ilipoanguka, Zambia nayo ilianguka na madeni, bila Mobutu na bila zairianisation. Kwa hiyo anayeweka makosa yote juu ya mtu mmoja anasahau bei ya Londres.

Sudani ya Kusini ni mfano wa karibuni. Ilipata uhuru tarehe 9 mwezi wa saba 2011 na sehemu kubwa ya mafuta, lakini bomba la kuyapeleka baharini lilipita Sudani. Miezi sita tu nyuma ya uhuru, mwezi wa kwanza 2012, inchi hizo mbili zilikosana juu ya bei ya kupitisha, na Juba ikafunga visima. Karibu mapato yote ya serikali yalitoka kwa yale mafuta. Watu wa Ituri na Haut-Uélé, wanaopokea wakimbizi kutoka kule, wanajua matokeo.

Mkononi leo kuna nini

Sheria ya madini ya 2002 ilifungua mlango kwa makampuni ya nje. Ile ya 2018 ilipandisha haki ya serikali: kobalti ilitangazwa kuwa madini ya maana ya pekee, na haki yake ikafika asilimia 10 ya thamani. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Mwezi wa pili 2025, bei ikiwa chini sana, Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje. Mwezi wa kumi ikaleta mafungu: tani 18,125 kwa mwisho wa ule mwaka, na tani 96,600 kwa mwaka wa 2026 na vilevile wa 2027. Bei ilipanda. Ni jambo ambalo wajumbe wa Bruxelles wa 1960 hawangeweza hata kuliota. Lakini kwa ile miezi kobalti ilipofungwa, creuseur wa Kolwezi aliyekuwa anauza kwa gunia hakuwa na akiba ya kungojea bei ya kesho, na wanunuzi wa ng'ambo walizidi kutafuta kobalti ya Indonesia na betri zisizotumia kobalti.

Ile haki ya madini inagawanywa namna hii: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, chefferie au komine penye shimo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kila kampuni inapaswa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa jirani. Zile 15 zinalipwa kwa akaunti ya sekta yenyewe, hazipitii Kinshasa. Ripoti za ITIE-RDC zinaandika kampuni gani ililipa kiasi gani na kwa nani. Mkaaji wa sekta ya Luilu au wa chefferie ya Bayeke anaweza kuchukua ile ripoti, kwenda nayo ofisini, na kuuliza shule ile iliyoandikwa imejengwa wapi.